Nimekunywa dawa za H pylori, yule bakteria wa tumboni, mara mbili na kipimo cha damu bado chasema ninayo, nifanyeje?

UmmZaki, Kisauni:

Assalam aleikum, hamjambo nyote. Naomba mnisaidie manake mie nimechoka na sijui niende wapi tena. Nina miaka 36, mama wa watoto 3, na hili tumbo lilinianza kama miaka 4 iliyopita. Mwanzo kilikuwa kiungulia tu, nikila mahamri kwa mbaazi asubuhi basi mpaka saa sita mchana nacheua ile nazi, halafu yakaja maumivu hapa kwenye chembe cha moyo, yani kama mtu amekuwekea kaa la moto halafu analipuliza polepole. Usiku saa nane saa tisa nashtuka usingizini tumbo lauma, nikinywa maziwa au nikila kipande cha mkate latulia, baada ya muda limerudi vile vile. Mamangu akasema ni pilipili na achari na ukwaju, mume wangu akasema ni mawazo, kila mtu na lake. Nikaacha pilipili, nikaacha maembe mabichi, nikaacha chai ya tangawizi, hata viazi vya rojo ambavyo navipenda kuliko chakula chochote niliacha, na tumbo halikubadilika.

Mwaka juzi nikaenda kliniki moja hapa mtaani, wakanidunga kidole, tone la damu wakaliweka kwenye kile kikadi cheupe, dakika kumi ikatoka mistari miwili nikaambiwa una H pylori. Nikapewa pakiti ya wiki 2, shilingi 3,500, hakuna aliyenieleza kitu. Ile dawa ilinitesa, mdomo mchungu kutwa kama naramba funguo, tumbo lahara, siku ya 9 nikaona maumivu yamepungua nikaacha. Makosa yangu hayo nayajua.

Ikarudi. Mwaka huu shemeji yangu akanichangia nikafanyiwa endoskopi, ile kamera ya mpira wanayokushushia tumboni, wakakata vinyama vidogo wakapeleka maabara, ripoti ikaja imeandikwa gastraitisi sugu iliyo hai, H pylori wameonekana, halafu chini imeandikwa hakuna metaplasia hakuna displasia. Nikapewa dawa tena zile zile za mara ya kwanza na safari hii nilimaliza siku zote 14, sikuruka hata kidonge kimoja, nilikuwa naweka alamu ya simu asubuhi na usiku. Alhamdulillahi nikapata nafuu kubwa. Sasa imepita miezi 2 na nusu, tumbo lauma kidogo kidogo, si kama zamani lakini lipo, nikaenda mahali pengine wakanidunga kidole tena na mistari ni ile ile miwili. Wanambia dawa haikufanya kazi ninunue pakiti ya tatu. Nililia njiani wallahi.

Maswali yangu ni haya, kweli ninayo bado? Na hii gastraitisi sugu ndio inageuka kansa? Manake nyanyangu alikufa na tumbo na hakuna aliyejua ni nini. Na mwanangu wa miaka 9 naye siku hizi analalamika tumbo, sisi twala sinia moja, nimemwambukiza mie?

Kaka_Magongo:

Pole dada. Mie nilikuwa hivyo hivyo, nikapata habbat soda na asali asubuhi kabla ya kula, kijiko kimoja, na ukwaju nikaupiga marufuku kabisa nyumbani. Nameza pia omeprazoli, ile ya kupunguza asidi, kila siku, yapata miaka 2 sasa, nikikosa siku mbili tu lawaka. Jaribu hiyo na upunguze mawazo, Mungu atakuponya.

Mwanamaabara_Tudor:

Dadangu UmmZaki tafadhali usinunue hiyo pakiti ya tatu, kwanza nisikize. Mie nafanya kazi maabara mwaka wa 11 huu na hili jambo laniuma sana kwa sababu naliona kila wiki, mtu amekunywa dawa mara tatu mara nne kwa ajili ya kikadi kimoja.

Kile kipimo cha kidole hakitafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yani askari ambao mwili wako uliwatengeneza kupigana na yule bakteria. Bakteria akifa leo askari hawaondoki kesho, wanabaki kwenye damu miezi na wengine miaka. Ni kama kovu la moto mkononi, ukiliona wajua mtu huyu aliungua, lakini huwezi kusema moto bado wawaka. Kwa hivyo wewe uliyekunywa dawa ukamaliza, ile mistari miwili haituambii chochote. Yaweza kuwa bado wapo, yaweza kuwa walikufa siku ya kumi. Kipimo hicho hakifai kabisa kuangalia kama dawa imefanya kazi, na anayekwambia ununue dawa kwa sababu yake anakuuzia kitu bila kujua kama wakihitaji.

Unachotaka ni kipimo cha choo cha antijeni. Lishike neno hilo, antijeni, na ukifika kaunta litamke, manake kuna mahali ukisema tu choo wanakufanyia kile cha kuangalia minyoo na amiba kwa darubini, wanakulipisha pesa, na H pylori haionekani hivyo. Cha antijeni kinatafuta vipande vya bakteria mwenyewe, akiwepo vinatoka kwenye choo, akiwa hayupo hakuna. Utapewa kikopo chenye kijiko kidogo kimeshikana na kifuniko, unachukua kiasi cha punje ya mbaazi tu usijaze, usichanganye na mkojo wala maji ya choo, unakileta siku ile ile. Ukichelewa kwa sababu ya foleni ya magari Nyali kiweke mahali baridi, usikiache kwenye dashibodi ya tuktuk juani.

Kuna kingine cha kupuliza. Unakunywa maji yenye urea iliyotiwa alama halafu wapuliza ndani ya mfuko au mrija. Huyu bakteria ana kimeng'enya kinachoitwa urease, anaivunja urea anatoa amonia, na hiyo amonia ndiyo inamzungushia kama koti asiunguzwe na asidi ya tumbo, ndio maana anaishi mahali ambapo wadudu wengi hufa. Akiivunja urea ile alama inatoka kwa pumzi yako. Ni kipimo kizuri sana, ukipata mahali wanacho na pesa inaruhusu fanya, kama hapana cha choo kinatosha.

UmmZaki:

Allah akulipe kheri kaka, yani miaka yote hii hakuna aliyeniambia tofauti ya vipimo. Sasa naweza kwenda kesho? Bado nameza omeprazoli moja kila asubuhi manake nikiacha nahisi moto.

Mwanamaabara_Tudor:

Kesho usiende, umefanya vizuri kuuliza. Omeprazoli na ndugu zake wote, esomeprazoli, lansoprazoli, pantoprazoli, lazima usimame wiki 2 kabla ya kipimo. Zikiwa mwilini bakteria wanapungua na kujificha bila kufa, kipimo kinaweza kusema hakuna na wapo. Antibayotiki yoyote, hata kama ulipewa ya jino au ya kikohozi, iwe imepita wiki 4. Hiyo ya wiki 4 wewe ushaipita, imebaki omeprazoli tu. Siku za kungoja ukichomwa sana muulize daktari akupe ile dawa nyeupe ya maji ya kutuliza asidi, hiyo haiharibu kipimo, ila isiwe na bismuthi ndani, madini yanayomdhoofisha bakteria.

Na maziwa ya usiku punguza. Yanatuliza dakika chache halafu yanaliamsha tumbo litoe asidi zaidi, ndio maana inarudi.

BintMajengo:

Nimesoma hii nikamkumbuka babangu na mikono ikaanza kutetemeka, wacha niandike pengine itamsaidia mtu.

Babangu alikuwa mtu wa bandarini, mgongo ulimchosha, akawa anameza diklofenaki za kununua kimoja kimoja dukani kila jioni, miaka. Tumbo likimuuma anasema ni gesi, anakunywa soda ya baridi anacheua anatulia. Siku moja akatoka swala ya alfajiri akakaa barazani, mie niko jikoni nakaanga, nikasikia kimya. Nikatoka nikamkuta ameegemea ukuta jasho lamtoka na asubuhi ile ilikuwa ya baridi, midomo imekuwa myeupe. Akanambia nishike niende chooni. Akitoka nikaingia kumwagia maji nikaona, choo nyeusi kama lami ya barabara, inanata, na ina harufu ambayo sijawahi kuisikia maishani na sitaisahau. Sikujua kama ile ni damu. Mie nilidhani damu lazima iwe nyekundu.

Jirani mmoja ambaye ni muuguzi ndiye aliyepiga kelele mpelekeni sasa hivi msingoje, tukamtia kwenye tuktuk. Alitiwa damu mifuko 3. Kamera ikaonyesha kidonda mwanzo wa utumbo mdogo pale chakula kinapotokea tumboni, kilikuwa kimeula mshipa, na wakampima pia wakakuta H pylori. Daktari akatuambia hivi viwili vikikutana, huyu bakteria na dawa za maumivu, ndio hatari yenyewe, kila kimoja kinamdhuru mtu peke yake na vikiwa pamoja ni zaidi. Akatibiwa H pylori, diklofenaki ikasimamishwa kabisa, na mpaka leo ni miaka 5 yupo anacheza na wajukuu. Kwa hivyo dada yangu, na nyinyi nyote, mkiona choo ya rangi ile au mtu ametapika kitu kama kahawa iliyosagwa msikae kujadiliana, hata kama ni usiku wa manane.

Tabibu_Likoni:

UmmZaki, mie ni tabibu, nimehudumu zahanati za upande wa kusini miaka mingi. Hilo la kipimo umeshajibiwa sawasawa, sina la kuongeza. Nataka nikujibu la ripoti na la kansa, manake naona ndilo linalokunyima usingizi kuliko hata maumivu.

Gastraitisi ni ukuta wa ndani wa tumbo kuwaka, kuvimba. Sugu ni kwamba imekaa muda mrefu na seli za ulinzi za mwili zimehamia pale zikafanya makao. Neno hai kwenye ripoti yako maana yake walipotazama kwa darubini walikuta seli nyeupe za vita, zile zinazokuja wakati adui yupo. Chanzo kikubwa kabisa cha gastraitisi sugu duniani ni huyu H pylori. Anaingia mtoto akiwa mdogo, anajichimbia ndani ya ute unaofunika tumbo, ana mikia ya kuogelea na umbo la kizibuo anapenya vizuri, na mwili unapigana naye miaka bila kumtoa. Yeye hatoki na mwili hauachi kupigana, na katikati ukuta wa tumbo ndio unaoumia. Kila mwenye H pylori ukikata kinyama chake ukatazama kwa darubini utakuta gastraitisi, hata yule asiyesikia chochote. Na watu wenyewe ni karibu nusu ya dunia nzima.

Sasa sikia hili vizuri. Wengi wao hawataugua kitu. Kama mtu 1 au 2 kati ya 10 ndio anapata vidonda, na kansa ya tumbo ni 1 au 2 hivi kati ya 100. Njia ya kwenda kansa ni ndefu, miaka na miaka. Kwanza gastraitisi sugu, halafu tezi za tumbo zinaanza kufa ukuta unakuwa mwembamba, halafu ukuta wa tumbo unaanza kufanana na wa utumbo, hiyo ndiyo metaplasia, halafu displasia ambapo seli zimeharibika umbo, ndio mwisho kansa. Wewe ripoti yako imeandika hakuna metaplasia hakuna displasia. Dadangu, hayo ndiyo maneno mazuri kuliko yote kwenye ile karatasi na naona hakuna aliyekaa nawe akakusomea. Uko kwenye hatua ya kwanza, na hatua hiyo ukimuua bakteria ukuta unapona. Ni kweli Shirika la Afya Duniani kupitia kitengo chake cha utafiti wa kansa lilimweka huyu bakteria kwenye kundi la kwanza la vinavyosababisha kansa mwaka 1994, sikufichi, na ndio sababu twamtibu tukimpata. Na kwa kuwa nyanyako aliugua tumbo mwambie daktari wako, iandikwe kwenye faili.

La pili, kwa nini bado unasikia maumivu hata kama wamekufa? Kwa sababu ukuta haujengeki kwa siku moja. Zile seli za vita zinaondoka haraka, wiki chache tu, lakini zile zilizofanya makao zinachukua mwaka na zaidi kuhama. Na kuna watu tumbo lao linabaki na hisia kali hata baada ya kupona. Kwa hivyo maumivu pekee hayatoshi kusema dawa imeshindwa, na pia kupata nafuu pekee hakutoshi kusema imefaulu. Pima.

Na kama kipimo cha choo kitasema wapo, usikubali dawa zile zile mara ya tatu. Ulipewa omeprazoli, amoksisilini na klarithromaisini nadhani, ndizo zilizo kwenye pakiti nyingi. Hapo yaweza kuwa ile mara ya kwanza ulipoacha siku ya 9 walikufa wale dhaifu wakabaki sugu, wanaoijua klarithromaisini, na hao hutawaua nayo tena. Kuna mpango wa dawa 4, yani omeprazoli, bismuthi, tetrasaiklini na metronidazoli ile watu wanaiita Flagyl, siku 10 mpaka 14. Ni vidonge vingi, mara 4 kwa siku, choo itakuwa nyeusi kwa sababu ya bismuthi na hiyo usiogope, ila kama una kizunguzungu nayo hiyo si bismuthi, nenda hospitali. Pombe hapana kabisa. Omeprazoli meza nusu saa kabla ya chakula, wengi wanaimeza baada ya kula halafu wanasema haisaidii. Mwenye mzio wa penisilini aseme mapema manake amoksisilini ni ukoo huo, mwenye mimba aseme, na anayemeza dawa ya kolestroli au ya moyo aseme pia kwa sababu klarithromaisini yagombana na baadhi ya dawa hizo.

Jambo jingine, na hili naliona sana kwetu, kama mwezi wa Ramadhani uko karibu zungumza na daktari kabla. Zile dawa za mara 2 zaweza kupangwa futari na daku, hizi za mara 4 ni vigumu, bora kupanga tarehe kuliko kuzianza halafu ukakatiza njiani.

Na hilo la mawazo. Mumeo usimkasirikie, hata madaktari walifundishwa hivyo kwa miaka mingi, kwamba vidonda ni mawazo na asidi na chakula cha pilipili. Huko Perth, Australia, kulikuwa na daktari wa kuchunguza vinyama, Robin Warren, mwaka 1979 akaanza kuona vijibakteria vilivyojipinda kwenye vinyama vya matumbo yaliyovimba, na kila alipoviona na uvimbe upo. Wenzake hawakumsadiki, ilikuwa inaaminika hakuna bakteria anayeweza kuishi kwenye asidi ile. Akaungana na kijana Barry Marshall. Wakajaribu kuwaotesha maabara wakashindwa mara nyingi, sahani zilikuwa zinatupwa baada ya siku 2, mpaka Pasaka ya 1982 sahani zikasahauliwa wakati wa likizo, siku 5 hivi, na waliporudi wakakuta wameota. Bakteria mwenyewe anakua polepole, alihitaji muda tu. Watu bado hawakukubali, basi mwaka 1984 Marshall akakunywa kikombe cha bakteria wale, yeye mwenyewe, baada ya siku chache akaanza kutapika na mdomo kunuka, akafanyiwa endoskopi na tumbo lake lililokuwa zima likakutwa na gastraitisi na bakteria wamejaa. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa tuzo ya Nobel. Pilipili na mawazo vinaweza kumchoma mtu ambaye tumbo lake limeshavimba, hilo sikatai, ila si pilipili ya mamako iliyokuletea ugonjwa huu.

BintMajengo:

Tabibu asante sana, hilo la omeprazoli nusu saa kabla ya chakula babangu hakuwahi kuambiwa. Na watoto je? Dada ameuliza la mwanawe.

Tabibu_Likoni:

Ndio nilisahau. Bakteria huyu anahama mtu kwa mtu, kwa mate, kwa matapishi, kwa mikono isiyooshwa baada ya choo, na mara nyingi ni ndani ya nyumba moja, mzazi kwa mtoto, hasa tukilala wengi chumba kimoja. Mama anayemtafunia mtoto chakula kabla ya kumpa, hiyo nayo ni njia. Sinia moja si kosa, hiyo ni mila yetu na ina baraka, muhimu mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kukaa. Na maji ya mkokoteni yachemsheni, huyajui yametekwa wapi.

Ila usimbebe mtoto kumdunga kidole na kumnunulia pakiti. Mtoto wa miaka 9 tumbo lamuuma kwa mambo mengi, minyoo, kufunga choo, vitafunio vya shuleni, na wengi wenye H pylori utotoni hata hawaiumwi. Mpeleke aonwe na daktari wa watoto, kama anapungua uzito, anatapika, au anaamka usiku kwa maumivu hilo liwekwe mbele. Na usijilaumu dada. Yawezekana wewe mwenyewe uliipata ukiwa mdogo kuliko yeye.

Kaka_Magongo:

Nimekaa nimesoma yote mara mbili. Dada nisamehe kwa jibu langu la mwanzo, nilisema kwa nia njema. Mie sijawahi kupimwa hata siku moja, nilinunua tu omeprazoli famasi nikaona yanisaidia nikaendelea. Tabibu, miaka 2 ni mingi?

Tabibu_Likoni:

Kaka usijali, habbat soda yako endelea nayo kama yakupa raha, ila isichukue nafasi ya kipimo. Ndio, miaka 2 bila kujua watibu nini ni mingi. Omeprazoli inazima asidi, mdudu haimuui, kwa hivyo kama unaye ameendelea kula ukuta wako huku wewe husikii. Usiikate ghafla halafu ukatishika, siku za kwanza asidi yarudi kwa nguvu, ongea na daktari akupangie jinsi ya kuisimamisha, zipite wiki 2, halafu choo ya antijeni. Kama umevuka miaka 50 au umepungua uzito bila sababu au chakula chakwama kushuka au damu yako ni kidogo, usiishie kwenye choo, omba kamera.

Mwanamaabara_Tudor:

Hapo kwenye damu ndogo nakazia. UmmZaki wapime na wingi wa damu siku hiyo hiyo. Tumbo lililovimba muda mrefu halichukui madini ya chuma vizuri, naona akina mama wameza vidonge vya damu mwaka mzima haipandi, kumbe shida iko tumboni.

UmmZaki:

Nimerudi, nilisema nitawaletea jibu. Nilisimama omeprazoli siku 15, siku 4 za kwanza zilikuwa ngumu wallahi, nililala nimeinua mto mara mbili. Nikapeleka kikopo asubuhi, nikalitamka lile neno kaunta, yule kijana akanitazama akasema mama wewe wajua unachotaka.

Jibu limetoka, hakuna H pylori. Nilimuuliza mara tatu. Wamekufa, zile siku 14 zilifanya kazi na pale mahali pengine walikuwa wanataka kuniuzia tena. Damu yangu lakini iko chini, 9.8, kwa hivyo daktari amenipa vidonge vya chuma, na amesema turudie kupima baada ya miezi 3. Tumbo bado lashtuka nikila mafuta mengi usiku, amesema nilipe muda. Zaki naye alikuwa na minyoo, amepewa dawa, tangu juzi amenyamaza.

Mamangu nilipomwelezea yote haya barazani akawa kimya, halafu akasema na yeye chembe cha moyo chamuuma tangu mie sijaolewa, alikuwa hasemi. Ana miaka 63 na amepungua, nguo zamzunguka. Nilikuwa nataka kumfanyia cha choo lakini nimesoma hapo juu mambo ya umri na uzito, basi Jumatatu nampeleka kwa daktari nikamwombee kamera, na shemeji amesema atasaidia. Mniombee dua, yeye anaogopa ule mpira kuliko ugonjwa wenyewe, nimemwambia mie nitakaa pembeni nimshike mkono.